Ajali Haina Kinga? Dhamana ya Kuzuia Ndege Kugongana Ardhini

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii hutamkwa matangani, hospitalini na popote pale penye kuwafariji waliofikwa na msiba, na hapo ndipo mahali pake hasa, kwa kuwa ni methali ya kupoza moyo. Hata hivyo, imezoeleka kuihamisha kutoka matangani na kuipeleka katika ofisi za wakubwa na vyumba vya uchunguzi, ambako hufanya kazi tofauti kabisa. Basi lenye breki mbovu likitumbukia mtoni, husemwa ajali haina kinga. Ghorofa iliyojengwa kwa saruji haba ikiporomoka, husemwa vivyo hivyo. Almuradi, kauli iliyotungwa kuwapa pole wafiwa imegeuzwa kuwa ngao ya wenye dhamana.

Makala haya yanaipima methali hiyo kwa ajali za aina moja tu, nazo ni za ndege kugongana zikiwa ardhini, kiwanjani. Msomaji wa jarida la Kiswahili ana haki ya kuuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu ajali kadhaa za namna hii, ikiwemo iliyo kubwa kupita zote, zilipitia mlango wa lugha kabla ya kufika penye chuma na moto. Neno lilisemwa hivi, likaeleweka vile, na waliokuwa na uwezo wa kuliuliza hawakuliuliza. Kwa hiyo swali la nani alipaswa kuzuia maafa haliwezi kuachiwa wahandisi na mawakili peke yao.

Abiria wengi huiogopa anga. Ndege ikiwa bado inajikokota ardhini hawana wasiwasi. Wengine huwa wangali wanapanga mizigo yao na kuzungumza na jamaa kwa simu. Ilhali ajali iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya usafiri wa ndege za abiria haikutokea angani. Ilitokea tarehe 27 Machi 1977 katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, mojawapo ya visiwa vya Canary vilivyo chini ya Uhispania. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya shirika la Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walifariki. Wote 248 waliokuwa katika ndege ya Uholanzi waliangamia. Katika ile ya Marekani walikufa 335, wakanusurika 61.

Hakuna hata moja kati ya ndege hizo iliyokusudia kuwa hapo siku ile. Zote zilikuwa zikielekea kisiwa jirani cha Gran Canaria, lakini bomu lililolipuka katika jengo la abiria la huko likafanya kiwanja kifungwe, na ndege nyingi zikaelekezwa Los Rodeos. Kiwanja hicho kilikuwa kidogo, chenye njia moja tu ya kurukia. Ndege ziliegeshwa kwa wingi hata zikaziba njia ya pembeni ambayo kwa kawaida hutumiwa kufika mwisho wa njia ya kurukia. Ikawa kila ndege inayotaka kuondoka lazima itembee juu ya njia yenyewe ya kurukia, ifike mwisho wake, igeuke, ndipo iruke. Gran Canaria ilipofunguliwa tena, Pan Am ilikuwa tayari kuondoka lakini haikuweza kuipita KLM, iliyokuwa bado ikijaza mafuta, lita zaidi ya 55,000. Wakati huo wote ukungu ulikuwa ukishuka kutoka mlimani.

Hatimaye KLM ilitangulia hadi mwisho wa njia na kugeuka. Pan Am iliifuata nyuma, ikiwa imeagizwa kutoka kwa mchepuko wa tatu upande wa kushoto. Warubani wa Pan Am hawakuwa na hakika ni mchepuko upi, nao wakauliza. Mwongozaji wa ndege mnarani akawahesabia moja, mbili, tatu. Mchepuko huo wa tatu ulikuwa na kona kali mno kwa ndege kubwa kama ile, nayo ikaupita ikielekea wa nne. Kwa wakati huo KLM haikuiona Pan Am, Pan Am haikuiona KLM, na mnara haukuziona zote mbili. Kiwanja hakikuwa na rada ya ardhini. Watu wote waliohusika walikuwa vipofu, na kitu pekee kilichowaunganisha kilikuwa sauti redioni.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusogeza kiti karibu. Rubani mkuu wa KLM alianza kuongeza nguvu za injini. Rubani msaidizi akamkumbusha kwamba idhini ya safari haijatolewa. Akasimama, akamwambia aiombe. Mnara ukawasomea maelekezo ya safari: wapite wapi wakishapaa, wafike kimo gani. Maelekezo hayo hayakuwa ruhusa ya kuruka, lakini ndani yake mlikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya kuruka, kwa kuwa waliambiwa wageuke kulia baada ya kuruka. Rubani msaidizi aliyarudia maelekezo yale kwa haraka na kumalizia kwa Kiingereza chake kwamba sasa wako kwenye kuruka. Wakati huohuo rubani mkuu alikwisha kuanza kuruka.

Sentensi hiyo ya Kiingereza imejadiliwa sana. Steven Cushing, katika kitabu chake *Fatal Words* cha mwaka 1994, anaieleza kwa kurejelea sarufi ya Kiholanzi, lugha ambayo huonyesha tendo linaloendelea kwa muundo wa kihusishi na kitenzi jina, kana kwamba mtu husema yuko penye kutenda. Mholanzi aliyezungumza Kiingereza kwa haraka, moyo ukimdunda, huenda alivaa sarufi ya mama yake chini ya joho la lugha ya kigeni. Mwongozaji, ambaye naye lugha yake ilikuwa Kihispania, alisikia jambo jingine: kwamba ndege imefika mahali pa kurukia na inangoja.

Mpenzi wa Kiswahili atajibu haraka kwamba lugha yetu ingeyaepuka hayo. Je, hatuna ngeli tatu za mahali? Anayesema "tupo pa kurukia" ametaja mahali dhahiri. Anayesema "tumo katika kuruka" amejitia ndani ya tendo. Ni kweli, na ni uzuri wa kujivunia. Lakini mjivuni huyo na amkumbuke mgeni aliyesema "haya, sisi tunaondoka" saa moja ya jioni, na saa mbili angali anaongezewa chai. Kiambishi -na- katika "tunaondoka" hakituambii kama mguu umeshainuka ama ni nia tu. Sawa na hilo, hakuna lugha iliyoumbwa ikiwa na kinga dhidi ya utata. Kinga huwekwa na watu wanaokubaliana mapema kwamba neno fulani litatumiwa mahali fulani tu.

Mnara ulijibu kwa neno la kukubali, lile ambalo kwetu lingekuwa "sawa", kisha baada ya kimya kifupi ukawaagiza wangoje, wataitwa. Wakati huohuo Pan Am ilipaza sauti kusema kwamba bado iko kwenye njia ya kurukia. Sauti mbili zilizotumwa kwa pamoja katika wimbi moja huharibiana. Ndani ya KLM kilichosikika wazi ni "sawa". Yaliyofuata yakafunikwa na mlio. "Sawa" ni neno la hatari kwa sababu linatosheleza pande zote: aliyelitamka huenda alimaanisha "nimekusikia", naye aliyelipokea akaelewa "umeruhusiwa". Nani asiyejua mzazi aliyeambiwa "sawa" na mtoto, na mtoto asifanye chochote?

Muda ulikuwa bado upo. Mnara ukaiomba Pan Am iarifu itakapokuwa imetoka njiani, nayo ikajibu kwamba itaarifu. Maneno hayo yalisikika ndani ya KLM. Mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma ya marubani wawili, akauliza kwa Kiholanzi kama yule Mmarekani hajatoka njiani. Rubani mkuu akamjibu kwa neno moja, *jawel*. Neno hilo lina kazi maalumu katika Kiholanzi: hukanusha swali lililoulizwa kwa ukanushi, kwa maana ya "la, ametoka, bila shaka". Kiswahili hakina neno moja la kazi hiyo. Aulizwaye "kwani hajatoka?" akajibu "ndiyo", kwa mazoea ya wenye lugha amekiri kwamba hajatoka, ingawa mazoea hayo yanavurugwa siku hizi na waliosomea sana Kiingereza, ambao "ndiyo" yao humaanisha ametoka. Sekunde chache baadaye ndege ziligongana.

Jibu hilo halikuwa na utata hata chembe. Mhandisi na rubani wake walizungumza lugha moja, katika chumba kimoja, bila mlio wa redio kati yao. Swali lilikuwa sahihi, lilikuja kwa wakati, nalo likazimwa na cheo. Rubani mkuu yule, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya Boeing 747 katika shirika lake. Picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika. Rubani msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amepimwa naye ili aidhinishwe kuendesha ndege za aina hiyo. Nani angemwambia asimame? Methali yetu husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Tenerife inaonyesha upande ambao methali hiyo haikuutazama: chombo kilikuwa na nahodha mmoja ambaye wenzake hawakuthubutu kumpinga mara ya pili, na kikaenda mrama.

Baada ya msiba huo Uhispania na Uholanzi hazikukubaliana. Wachunguzi wa Uhispania waliweka kosa la msingi mabegani mwa rubani aliyeruka bila idhini. Waholanzi walisisitiza kutoelewana kwa pande zote redioni, ingawa hatimaye shirika lao lilibeba mzigo wa fidia. Wakereketwa wa isimu huvutiwa na maelezo ya Uholanzi, kwani yanaipa lugha nafasi ya mbele. Hata hivyo lugha haiwezi kufikishwa mahakamani. Ukisema kwamba neno ndilo lililoua, umekaribia sana kusema kwamba ajali haina kinga.

Dhamana inapaswa kufuata uwezo. Katika kila ajali ya namna hii yafaa kuulizwa ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuondoa shaka, na mapema kiasi gani. Rubani wa KLM alikuwa nao katika dakika ya mwisho. Angesimama, angeuliza, asingepoteza kitu ila muda. Kwa hiyo lawama yake ni halali na makala haya hayamwondolei. Lakini wapo waliokuwa na uwezo huo miaka kabla yake, katika mchana mweupe, bila ukungu wala haraka. Walioidhinisha istilahi zilizoruhusu neno moja litumike kwa kuelezea safari na kwa kuamuru kuruka. Walioendesha kiwanja chenye mawingu ya mara kwa mara bila rada ya ardhini. Waliowafunza marubani wadogo kuwa watiifu kuliko kuwa waangalifu. Hao hawakuwa na sababu ya kukosea kwa pupa. Walikuwa na nafasi ya kufikiri.

Ushahidi kwamba uwezo huo ulikuwapo ni kwamba ulitumika mara baada ya watu kufa. Leo neno la Kiingereza la kuruka halitamkwi redioni ila idhini yenyewe ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kwa mengineyo husemwa kuondoka. Ruhusa ya kuingia au kuvuka njia ya kurukia hurudiwa na rubani, na kukubali kwa "sawa" hakutoshi. Kuanzia mwaka 1979, katika mkutano ulioitishwa na shirika la NASA, wataalamu walianza kujenga mafunzo yanayomtaka mdogo aseme na mkubwa asikilize. Hayo yote yangaliweza kufanywa mwaka 1976.

Wamarekani walifikiri kwa namna hii baada ya ajali ya Los Angeles ya tarehe 1 Februari 1991. Mwongozaji aliiweka ndege ndogo ya SkyWest kwenye njia ya kurukia ingoje, kisha akaisahau na kuiruhusu Boeing 737 ya USAir itue papo hapo. Watu 35 walipoteza maisha. Kosa la kusahau lilikuwa wazi, na ingalikuwa rahisi kumkamata aliyesahau na kufunga faili. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri haikufanya hivyo. Ililaumu kwanza uongozi wa mnara, kwa kuwa haukuweka utaratibu ambao kosa la mtu mmoja lingenaswa na mwingine, na mamlaka ya anga iliyokuwa juu ya uongozi huo. Binadamu husahau. Anayempa binadamu mmoja kazi ambayo usahaulifu wake ni kifo, bila kumwekea mwingine wa kumkumbusha, amefanya uamuzi, na uamuzi huo una mwenyewe.

Italia ilikuja na funzo chungu zaidi. Tarehe 8 Oktoba 2001, katika kiwanja cha Linate mjini Milan, ndege ndogo ya kibinafsi aina ya Cessna ilipotea njia katika ukungu, ikaingia kwenye njia ya kurukia wakati ndege ya shirika la SAS iliyokuwa ikielekea Copenhagen inaruka. Watu 118 walifariki, wanne kati yao wakiwa wafanyakazi katika jengo la mizigo ambalo ndege hiyo iliangukia. Wafanyakazi hao hawakuwa wasafiri, walikuwa kazini. Rada ya zamani ya ardhini ilikuwa imeondolewa, na mpya, iliyonunuliwa miaka kadhaa kabla, ilikuwa haijafungwa. Alama za njia zilikuwa zimefifia na nyingine hazikufuata kanuni. Rubani wa Cessna aliarifu kwamba anakaribia alama fulani iliyochorwa ardhini. Alama hiyo haikuwamo katika ramani za mwongozaji, wala hakuijua. Kwa maneno mengine, kiwanja kilikuwa na maandishi ambayo mwenye kiwanja hakuweza kuyasoma.

Marubani wa Cessna walikosea, na hata hawakuwa na sifa za kuruka katika ukungu wa namna ile. Mwongozaji naye alisikia jina asilolijua akaliacha lipite. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Linate ulionekana na wengi. Mwaka 2004 mahakama ya Milan iliwahukumu mwongozaji aliyekuwa zamu na mkurugenzi wa kiwanja kifungo cha miaka minane kila mmoja, pamoja na wakubwa wa shirika la kuongoza safari za anga. Baadhi ya hukumu zilibadilishwa baadaye katika rufaa. Kumfunga mwongozaji kulizua ubishi, na ulistahili. Mfanyakazi akijua kwamba kosa lake litampeleka jela, huficha kosa dogo la leo ambalo lingefichua kosa kubwa la kesho. Kuwafikia wakurugenzi mahakamani, hata hivyo, kulikuwa jambo jipya lenye manufaa: rada iliyokaa ghalani ilipata mwenyewe.

Inasikitisha kwamba maneno hayajaacha kuteleza. Tarehe 2 Januari 2024, katika kiwanja cha Haneda mjini Tokyo, ndege ya Walinzi wa Pwani iliyopakia misaada ya waathiriwa wa tetemeko la Noto iliambiwa kwamba ni namba moja, iende hadi mahali pa kungojea. Namba moja ilimaanisha ya kwanza katika foleni. Waliokuwa ndani walielewa kwamba wamekwisha kuruhusiwa, wakaingia kwenye njia ya kurukia na kukaa hapo sekunde 40 hivi, hadi ndege ya Japan Airlines ikatua juu yao. Watano kati ya sita walifariki. Wote 379 wa ndege kubwa walitoka salama kabla haijateketea. Onyo lilijitokeza kwenye kioo mnarani, bila sauti, na hakuna aliyeliona. Serikali ilisimamisha kwa muda matumizi ya maneno hayo, namba moja.

Sasa ni wakati wa kurejea nyumbani, kwa maana ya lugha. Wapo wanaokipenda Kiswahili kiasi cha kutaka kisikike kila mahali, redio ya rubani ikiwemo. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hazikatazi hilo moja kwa moja, kwani zinakubali lugha ya kawaida ya kituo cha ardhini au Kiingereza. Pendekezo hilo linavutia, lakini kilichotokea Paris kinapaswa kutafakariwa kwanza. Usiku wa tarehe 25 Mei 2000, katika kiwanja cha Charles de Gaulle, mwongozaji aliiruhusu ndege ya shirika la Air Liberté iruke, akizungumza Kifaransa. Ndege ndogo ya mizigo ya Uingereza ilikuwa inangoja kuingia katikati ya njia hiyohiyo, na mwongozaji aliyedhani iko nyuma ya ile ya kwanza akaiita kwa Kiingereza. Waingereza hao walikuwa na masikio mazima na redio nzima, ila hawakuelewa kwamba kuna ndege inayokuja kasi kuelekea kwao. Bawa la ndege ya Ufaransa lilipita kwenye chumba cha marubani na kumuua mmoja. Wachunguzi wa Ufaransa wenyewe, watu wa taifa linaloionea wivu lugha yake kuliko mataifa mengi, walipendekeza nchi yao ifikirie kutumia Kiingereza pekee katika kiwanja hicho.

Yupo atakayepinga kwa mfano wa Kanada, ambako marubani waligoma mwaka 1976 wakipinga Kifaransa redioni, na tume ikaja kuamua mwaka 1979 kwamba lugha mbili hazihatarishi usalama. Quebec hutumia zote mbili mpaka leo. Hoja hiyo ina uzito, ila waongozaji na marubani wengi wa huko wanazielewa lugha zote mbili, na mfumo ulipimwa kwa miaka kabla ya kuruhusiwa. Kwa Nairobi na Mombasa, ambako katika saa moja wanaweza kutua Mhabeshi, Mturuki, Mwarabu na Mholanzi, kuweka Kiswahili kwenye wimbi hilo ni kuwaziba masikio baadhi ya wanaopaswa kusikia. Penzi la lugha lisifike huko.

Lipo eneo jingine ambalo Kiswahili kimelipuuza, au kimepuuzwa nalo. Kiwanjani hamna ndege tu. Mna malori ya mafuta, matrekta ya mizigo, magari ya zimamoto, mashine za kukata nyasi, na watu wanaoyaendesha. Tarehe 18 Novemba 2022 mjini Lima, nchini Peru, gari la zimamoto lililokuwa kwenye zoezi liliingia kwenye njia ya kurukia, waliomo wakidhani wameruhusiwa, wakati ndege ya shirika la LATAM ilikuwa inaruka. Wazimamoto wawili walifia papo hapo. Dereva wa namna hiyo katika Afrika Mashariki hupiga soga, hugombana na huomba msaada kwa Kiswahili, na akishtuka hufikiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Maneno machache ya mnarani ni lazima ayajue kwa Kiingereza, na ayajue kama anavyojua jina lake. Lakini sababu za maneno hayo, yaani kwa nini asimame penye mstari hata kama njia ni tupu, na kwa nini aulize mara ya pili hata kama mkubwa amekasirika, zingemwingia zaidi akifundishwa kwa lugha anayoifikiria. Mamlaka inayompa mtu huyo kitabu cha kanuni asichokielewa vyema, ikamtia sahihi kwamba amekisoma, inajitayarishia hati ya kumlaumu.

Kazi ya kuandaa mafunzo hayo ni ya idara za Kiswahili kama ilivyo ya wahandisi, na si ya kutafsiri tu. Mfano mmoja unatosha. Anayebonyeza kitufe cha redio na kuanza kusema kabla hakijashika hupoteza silabi ya kwanza ya maneno yake. Kila askari na kila dereva wa teksi mwenye redio analijua hilo. Katika Kiswahili, ukanushi wa amri hubebwa na silabi za mwanzo kabisa. "Usivuke" ikikatwa kichwa hubaki "vuke", na aliye upande wa pili, akiwa na haraka ya kuvuka, ataijazia mwenyewe ile u- na kusikia kwamba ameambiwa avuke. "Usiingie" hubaki "ingie". "Simama", hata likipoteza silabi ya kwanza, haliwezi kugeuka kuwa ruhusa. Mwanafunzi wa mofolojia anaweza kuyagundua hayo darasani kwa nusu saa, na kitabu cha dereva wa trekta la mizigo kikaandikwa "simama" kila mahali ambapo mtafsiri wa kawaida angeandika "usivuke".